Mahali pa Kumlaza Mama

Shamba letu la Matulo siku hizi lina nyua nyingi kuliko mahindi. Kila mwana alipogawiwa kipande alipanda mchongoma kuonyesha mpaka wake, na mwanawe naye akapanda wake ndani ya ule wa baba, na mchongoma hauna adabu: unatanuka pande zote mbili, unanyonya mbolea ya wenyewe na haurudishi hata gunzi moja. Nilipokuwa mtoto niliweza kukimbia kutoka mlangoni kwa mama hadi mtoni bila kukata kona. Leo nikienda mtoni nazunguka kama mgeni, nikipiga hodi kwa watoto wa kaka zangu njia nzima.

Nimeanza na nyua kwa sababu ndizo zilizomtoa mama yangu nyumbani kwake. Ningeweza kuanza na mazishi, lakini nikianza huko nitalia, na nikilia sitaandika.

Kwetu watoto hawahesabiwi. Utahesabu kuku, utahesabu magunia, utahesabu vigingi vya ua, lakini mtoto wa mtu hapana. Kumhesabu ni kumwonyesha kidole mbele ya kifo. Mama akiulizwa ana watoto wangapi alijibu, "Wako," au, akiwa na furaha, "Mungu amesaidia." Mimi ni muuguzi wa chanjo mjini Kitale. Kutwa nahesabu: chupa, sindano, watoto waliokuja na wale ambao mama zao wamewaficha kwa kuogopa homa. Lakini niulize tulizaliwa wangapi na ulimi unakauka. Kwa hiyo hata hapa sitasema. Nitasema tu kwamba tulizaliwa wengi, na wale ambao hawakubaki wamelala kando ya nyumba ya mama, upande wa macheo.

Sensa ya mwisho ilinikuta nyumbani likizoni. Karani alikuwa kijana wa hapohapo Matulo, amevaa kizibao kipya, na mama alimtolea kiti kizuri na chai ya maziwa. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka alipofika kwenye watoto.

"Kukhu, niambie tu idadi," alisema. Kukhu ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya.

"Idadi ni kitu gani? Wewe andika majina. Mimi nitaita, wewe utajua mwenyewe huko."

Akaanza kuita. Aliwaita kama alivyotuita zamani tukiwa tumezagaa mashambani, kwa sauti ile ya kupanda, kila jina na mvuto wake. Kijana aliandika mbiombio. Mimi niliyekuwa nikichambua mboga ya mrenda pembeni ndiye niliyetambua kwamba mama hakuruka mtu. Alikuwa amewaita pia wale wa upande wa macheo, kila mmoja mahali pake, kati ya aliyemtangulia na aliyemfuata.

"Na huyu, kukhu, ako wapi?"

"Ako hapo," mama alijibu, akionyesha kwa kidevu.

Kijana aligeuka, akatafuta nyumba, akaona nyasi. "Analala hapo?"

"Analala."

Ndipo akaelewa. Nilimwonea huruma, kwa sababu kazi ni kazi, na waliomtuma walitaka walio hai. Alifuta polepole, mkono ukiwa umeziba ili mama asione. Mama aliona. Hakumgombeza. Alimwongezea chai, kisha akaingia ndani na hakutoka tena mpaka yule kijana alipoondoka.

Mwaka wa surua nilikuwa mdogo lakini naukumbuka. Ilipita Matulo nzima ikibisha kila mlango. Kwetu iliwachukua wadogo zangu, mmoja akiwa bado ananyonya, na baba aliwachimbia mwenyewe kwa jembe lile alilopalilia mahindi asubuhi yake. Mama alikuwa na msemo wake, kwamba mtoto si wako mpaka surua imwone na kumwacha. Mwaka uliofuata alijifungua tena, na baada yake tena. Nimewahi kusikia wasomi wakilaumu akina mama wa aina yake kwamba walizaa ovyo. Hawakuzaa ovyo. Mwanamke akijua kwamba baadhi ya watoto wake ni wa udongo, atazaa wa kuutosha udongo na wa kuitosha nyumba pia. Hiyo nayo ni hesabu, ila haifanywi kwa mdomo.

Halafu ikaja chanjo, na baadaye kidogo nikaja mimi na kisanduku changu cha barafu. Watoto wa kaka zangu niliwadunga kwa mkono wangu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, hapo hapo kwenye kibaraza cha mama, kila nilipokwenda likizo. Walinichukia. Wakiniona nikiingia langoni walipanda miti. Lakini hakuna aliyekufa, hata mmoja. Mama alikaa pale kibarazani akiwatazama wakikua wote, na alikuwa na uso wa mtu anayengoja kitu ambacho hakiji. Siku moja aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na majirani wabaya, "Hawa watoto wamekataa kabisa kufa." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Hapo ndipo penyewe. Hakuna siri nyingine katika jambo hili linaloitwa ongezeko la watu. Watoto waliacha kufa, na sisi hatukuacha kuzaa siku hiyohiyo. Nani angeacha? Hofu haiondoki mwilini kwa sindano. Kaka zangu walikulia karibu na vile vikaburi, wakaoa wake waliokulia karibu na vikaburi vya kwao, na wakazaa kama watu waliotarajia kupokonywa. Hawakupokonywa. Ilibidi kizazi kizima kipite kabla mwili haujaamini, na mimi mwenyewe, niliyeamini mapema kwa sababu ya kazi, nina wachache tu na bado huamka nikisikiliza kama wanapumua, ingawa mkubwa ana ndevu.

Niliwahi kupelekwa kwenye semina ya mambo haya katika hoteli moja ya Kitale. Mkufunzi alichora pembetatu ubaoni, chini pana, juu nyembamba, akasema chini ndiko waliko watoto na juu ndiko waliko wazee, na kwamba pembetatu ya namna hiyo inamaanisha watu wataendelea kuongezeka hata kama kila mmoja atazaa kidogo, kwa sababu wale wa chini wote watapanda juu na kutaka mahali pao. Alisema vizuri, nami niliandika. Kisha akataka kutuchekesha, akasema watu wa vijijini wanazaa kama sungura. Nilinyoosha mkono nikamuuliza amezaliwa wapi. Alizaliwa Kimilili. Nikamuuliza wa ngapi kwao. Wengine waliinamisha vichwa, maana wengi wetu humo tulikuwa wa kabila moja, na swali lile si la kuulizwa. Alifuta pembetatu yake ubaoni. Tukaenda kunywa chai.

Baba aligawa shamba akiwa bado ana nguvu. Aliwaambia kaka zangu wamfuate, akatembea nao akichomeka vijiti: huyu hapa, yule pale, wa mwisho kule chini. Aligawa kwa jicho. Alitazama wana wake waliosimama mbele yake na ardhi iliyokuwa mbele yao, na vitu hivyo viwili vilitoshana. Hakuna aliyeuliza kuhusu wana wa wana, kwa sababu kumhesabu mtoto aliyezaliwa ni mwiko na kumhesabu asiyezaliwa ni wazimu. Wakati wazungu walipoondoka Trans-Nzoia na watu wetu wengi wakaenda kununua mashamba huko, baba alikataa kuhama. Alisema hawezi kuwaacha wadogo peke yao, na kila mtu alijua wadogo gani.

Kipande kimoja hakukigawa. Ni kile cha kando ya nyumba, upande wa macheo, ambapo wadogo walilala. Alisema yeye atalala upande huu wao na mama upande ule, na watoto wakae katikati, kama zamani kitandani wakati wa mvua. Alipokufa tulimlaza alipotaka. Upande wa pili ukabaki wazi, nyasi fupi, na mama alikuwa akianika mahindi yake hapo bila woga wowote. "Nazoea kitanda changu," alikuwa akisema akiwatania wakaza wana wake.

Basi watoto wa kaka zangu wakakua. Kwetu kijana akishatahiriwa halali tena katika nyumba ya mama yake. Lazima awe na kibanda chake, na kibanda lazima kisimame juu ya ardhi ya baba. Tohara yetu ni ya miaka shufwa, mwezi wa nane, na vijana huingia kwa kundi. Kila tohara ilipopita, shamba letu liliota vibanda kama uyoga baada ya mvua, na mahindi yakarudi nyuma. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa, kaka yangu wa pili na vijana wengi waliokuwa wakipanga nyumba mjini walirudi na vitanda vyao na wake zao. Kila mmoja alikuwa na haki. Hilo ndilo lililoniuma: kila nilipotafuta mwenye makosa nilikuta mwenye haki.

Mpwa wangu mkubwa, kifungua mimba wa kaka yangu mkubwa, ndiye aliyefikiwa na zamu mahali pamekwisha. Katika kibanda chake alilala na wadogo zake wawili waliotahiriwa baada yake. Alijaribu kutoka. Alikwenda Suam kubeba mizigo mpakani, akarudi na mgongo ulioteguka. Kisha msichana mmoja wa Webuye akaja na begi lake, na tumbo likionekana, akasindikizwa na shangazi yake mpaka langoni, shangazi akageuka bila kunywa maji. Kijana hakukana. Alimpokea begi. Lakini begi lile aliliweka jikoni kwa mama yangu, na msichana akalala hapo jikoni penye moshi, maana kibanda kilikuwa na wanaume watatu, na mwanamume hawezi kumwingiza mkewe katika nyumba ya kukhu wake.

Kaka yangu mkubwa aliita kikao. Mimi nilikuja kutoka Kitale. Walipita shamba lote wakitazama, kama watu wanaotafuta sindano, na kila penye nafasi palikuwa na mwenyewe.

"Sasa mimi nijenge wapi, bana? Kwa mti?" mpwa wangu aliuliza.

"Ngoja mavuno," baba yake alisema.

"Mavuno gani? Si hakuna shamba ya kuvuna."

Hakuna aliyetaja upande wa macheo. Lakini nilimwona mmoja wa wakaza wana akiutupia jicho, kisha akaangalia chini kwa aibu. Mama pia alimwona.

Baada ya wiki hivi alinipigia simu, jambo ambalo hakulipenda kwa sababu alidhani simu inakula hewa ya mtu. Alitaka niende. Nilimkuta ameketi kwenye ile sehemu yake ya nyasi, panga kando, amefyeka kila kitu hadi udongo. Alikuwa amechomeka vijiti vinne.

"Hapa nyumba inatosha," alisema. "Mlango utaangalia kule, ndio usiangalie wadogo."

Nilielewa mara moja, na nilikasirika kabla sijahuzunika. Nilimuuliza yeye atalala wapi.

"Kitale. Si ulisema serikali iko na makaburi huko? Si wanapeana shimo?"

"Mama, hapo wanazikwa watu hawana watu."

"Basi mimi nitakuwa watu wao."

Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Nilimwambia atakuwa mbali na baba. Nilimwambia kaka zangu hawatakubali. Niliwaza kiwanja changu cha Kitale, lakini ni cha mume wangu pia, na kwetu mama mkwe hata kulala usingizi wa kawaida katika nyumba ya mkwewe ni kutafuta maneno, sembuse kuzikwa uani kwake. Mama alinisikiliza kwa subira yote. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya maishani mwake. Alinyoosha mkono, akaanza kukunja vidole.

"Nikilala hapa mimi, ni mtu moja," alisema, akikunja kidole kimoja. "Akilala yeye, ni yeye, ni bibi yake, ni huyo mtoto anakuja." Vidole vilikuwa vitatu. Alivitazama vile vidole kama vimefanya kitu kibaya, akavificha ndani ya leso. "Wewe hauna shamba hapa. Ndio maana nakuambia wewe. Hawa wengine nikiwaambia watafikiria ni maneno ya mchongoma."

Maiti haulizwi sanda, wanasema. Mama yangu alijibu kabla hajaulizwa.

Sikukubali hivihivi. Nilirudi Kitale nikaanza kutafuta kipande cha ardhi, cha mpwa au cha mama, chochote kitakachopatikana kwanza. Dalali alinipeleka nje ya mji, mahali ambapo zamani lilikuwa shamba la mzungu mmoja na trekta lake. Sasa kulikuwa na michongoma. Mwenye kuuza alikuwa mzee aliyenunua zamani ekari za kutosha, akagawia wana, nao wakagawia wao, na sasa alikuwa akiuza kona ya mwisho ili wajukuu wapate kitu cha kugombania kidogo. Kwenye kona hiyo kulikuwa na kaburi la mkewe. Nilimuuliza kwa upole atamfanyaje. Alisema mnunuzi atamzungushia ua, naye atakuwa akiomba ruhusa kuja kumwona. Nilimshukuru nikamwambia dalali anirudishe mjini.

Wakati wa kurudi tulipita mashamba yale mengine, yale makubwa, ambayo unatazama mpaka macho yachoke huoni nyumba. Mwenyewe anakaa kwingine. Ng'ombe wake wana nafasi kubwa ya kulala kuliko mama yangu. Nasema hivi ili mtu asije akanifundisha kwamba tatizo ni tumbo la mama yangu peke yake. Watu ni wengi, ndiyo, nimewadunga mwenyewe. Lakini wengi kwa kipande kipi?

Nyumba ikajengwa; mama aliwapa mahali, habari ya Kitale akaibakiza kwangu. Ya miti na udongo, mabati juu. Siku ya kukandika wanawake wote wa boma walikuja, na mama alikuja pia, akiwa amekunja leso kiunoni. Alichagua ukuta wa nyuma, ule uliosimama hasa pale alipokuwa akianika mahindi. Aliukandika kwa viganja, taratibu, akilainisha kama anayempaka mtoto mafuta. Kaka yangu mkubwa, ambaye bado aliamini kwamba mambo yatapatikana tu Mungu akipenda, alikuwa akipita na karai la udongo bila kumtazama. Mimi sikukandika. Nilisimama nyuma ya jiko nikalia, nikasema ni moshi.

Mtoto alizaliwa msichana, mzito, na sauti kama ya mnadani. Nilimdunga mwenyewe. Mama alimbeba kila asubuhi akizunguka naye ile nyumba mpya, akimwonyesha baba yangu na wale wadogo mahali walipolala, kwa kidevu, bila kusema kitu. Huo ulikuwa mwaka mzuri. Sitaki kuandika kana kwamba mama aliishi kwa majonzi. Alikuwa mtu wa mzaha, alikula vizuri, alicheza na mtoto wa mjukuu wake. Mwenye majonzi nilikuwa mimi, kwa sababu mimi nilijua, na kujua peke yako ni mzigo mbaya.

Kifua kilimwanza msimu wa baridi. Nilimleta hospitalini Kitale, nikiwa na imani yangu ya kazi kwamba kila kitu kina dawa yake. Alifariki asubuhi, nikiwa nimetoka kumletea uji. Nilipoingia walikuwa wamemfunika, na nilisimama pale na thamosi mkononi nikiwaza upuuzi, kwamba uji utapoa.

Nilipowaambia kaka zangu neno lake, yule mkubwa alikataa katakata. Nilimkuta Matulo na kamba ya kupimia na wachimbaji wawili, anapima ule ujia kati ya ukuta wa mpwa wangu na kaburi la mwisho la wadogo. Jeneza lingeweza kuingia, kwa ubavu. Lakini mchimbaji mzee aliinama akaugusa msingi, akasema wakichimba hapo ukuta utawafuata shimoni.

"Watu watasema tumetupa mama mjini," kaka yangu alisema. "Ati watoto wote hawa, na mama hana mahali."

Kisha tulisikia mlio wa bati. Mpwa wangu alikuwa amepanda juu ya nyumba yake na nyundo, anang'oa misumari. Mkewe alikuwa anatoa godoro nje, mtoto mgongoni, bila kuambiwa na mtu. Bati la kwanza liliteleza likaanguka kwenye mchongoma.

Nilikwenda nikasimama chini ya ukuta. "Shuka," nilimwambia.

"Senge, kukhu hawezi enda kulala na watu hajui kwa sababu yangu." Senge ni mimi, dada ya baba yake. Alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima, na pua inamwagika.

"Shuka. Ukibomoa hii nyumba, hata kile alikuachia utakuwa umekataa."

Kaka yangu alinigeukia. "Wewe uliolewa. Kwa hii boma hauna neno."

"Ni kweli sina neno. Sina kipande hapa, sina hata mchongoma. Ndiyo sababu aliniambia mimi." Nilijua sauti yangu ni kali kuliko inavyofaa msibani, lakini ningeilegeza kidogo tu ningesema kaka achimbe, mpwa abomoe, na mtoto alale nje, mradi mama arudi kwake. Nilitaka hivyo kwa moyo wangu wote. Nilitaka kumwona amelala pale walipolala wadogo, upande wake. "Alikandika huu ukuta kwa mikono yake, na wewe ulikuwa unampelekea udongo," nilimwambia kaka.

Aliiweka kamba chini. Mpwa wangu alishuka, akalichomoa bati kwenye mchongoma, akapanda tena kulirudisha. Misumari aligonga polepole, kwa heshima, na tulisimama wote tukimsikiliza hadi akamaliza.

Mama alipelekwa nyumbani kuaga. Waliimba, waliomba, padri akasema maneno mazuri. Jeneza liliwekwa kando ya wadogo, na kwa saa chache alikuwa mahali pake. Halafu tukamwinua. Kwetu maiti huingia nyumbani, haitoki. Wanawake wazee walipoona jeneza linaelekea langoni wengine walifunika nyuso, na mmoja alimwita mama kwa jina lake la utoto, akimuuliza anakwenda wapi. Kaka yangu mkubwa hakupanda gari. Alibaki ameketi karibu na kaburi la baba, na hakutazama nyuma.

Makaburi ya Kitale ni mahali pa haraka. Wachimbaji walikuwa wamechimba mashimo kadhaa mapema, yamepangwa kama mistari ya kupandia mahindi, na kuna mazishi mengine yalikuwa yanangoja yetu yaishe. Nilimuuliza mmoja wao aliyelala upande wa kulia ni nani. Alisema ameshasahau. Tuliimba wimbo mmoja, tukatupa udongo. Desturi yetu ni kukaa na marehemu, lakini lango hufungwa jioni, na mlinzi alikuja akatuambia kwa adabu kwamba saa imefika.

Nilimkasirikia kila mtu kwa zamu. Nilimkasirikia baba kwa jicho lake na vijiti vyake, nilimkasirikia mpwa wangu kwa kutongoza, nilimkasirikia mama. Kazini nilishika sindano na nikamtazama mtoto wa watu akiwa amejaa afya mapajani kwa mamake, nikajiuliza huyu naye atalala wapi, na nikamdunga. Sijutii hata sindano moja. Ningerudi mwaka wa surua na kisanduku changu ningewadunga wale wadogo wote, hata kama najua wangekua wakataka vibanda.

Kaka yangu mkubwa hakuniongelesha kwa muda mrefu. Kisha Jumapili moja jioni alinipigia. Aliniuliza hali, akauliza ya mume wangu, akasema mvua Matulo imechelewa. Nilijua kuna kitu, kwa sababu yeye si mtu wa mvua. Akasema wanawe wawili wa mwisho watatahiriwa mwaka huu, na kwamba amekuwa akitazama mahali alipojitengea yeye, karibu na nyumba yake, na amekuwa akifikiria.

"Dada," aliniuliza, "huko Kitale, kando ya mama, kuna nafasi?"

Nilikuwa nimetoka huko mchana uleule. Pande zote mbili walikuwa wameshazika.